Mkia wa Herufi ya Iŋgá

Jiwe la mke wangu lilifika Jumanne asubuhi, limezungushiwa blanketi nyuma ya lori, na tukalifungua pale pale kwenye lango la makaburi, mimi na shemeji yangu Ravdna. Ravdna ni mdogo wake marehemu. Alivuta blanketi, akasoma, akanyamaza. Ravdna akinyamaza ujue kuna jambo.

"Shemeji," alisema mwishowe, "hapa amelala nani?"

Nilivaa miwani. Hata miwani yenyewe ilikuwa ya marehemu Iŋgá, maana macho yetu yalizeeka pamoja, na mimi yangu niliipoteza zamani. Juu ya jiwe, kwa herufi safi zilizochimbwa na mashine, palikuwa pameandikwa hivi:

IÅ‹gÃ¡ Buljo

Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa sawa. Ya kufa ilikuwa sawa. Jina tu ndilo lililoonekana kama limepitiwa na kundi zima la kulungu wetu wa theluji.

Niseme mapema, mtu asidhani ni mzee anayegombania urembo. Jina la mke wangu lina herufi moja ambayo Wanorwe hawana: n yenye mkia unaoshuka chini, na sauti yake ni ile inayofungua neno ng'ombe. Sisi Wasami, wafuga kulungu wa kaskazini, tunayo. Kule bweni walikotupeleka tukiwa na miaka saba, mwalimu alimwandika Inga, na akalazimika kuitikia hilo mpaka akalizoea. Mimi nilitoka shule ile nikijua mambo mawili: kuandika jina langu na kuogopa karatasi. Yeye alipotimiza miaka arobaini alikwenda kujifunza kuandika lugha yetu, akarudi na ile herufi moyoni kama mtu aliyempata kulungu wake aliyepotea misimu mitatu. Akapeleka maombi kwa wakubwa ajulikane kwa jina lake. Wakakubali, wakagonga mhuri. Na tangu siku hiyo barua zote zilikuja zimeandikwa I?gá.

Alama ya kuuliza, katikati ya jina la mtu! Wenye vyeo wana majumba ya vioo na mishahara, lakini hawana n yenye mkia.

Iŋgá hakupiga kelele. Kelele ni kazi yangu. Yeye alikuwa na kalamu nyekundu kwenye droo ya jikoni. Barua ikija, anaifuta ile alama, anaandika herufi yake na mkia wake, ndipo anaifungua bahasha. Kila barua, karibu miaka thelathini. Hospitalini, wiki ile ya mwisho, mkanda waliomfunga mkononi nao ulikuwa na alama ya kuuliza. Aliutazama, akanitazama mimi. Vidole vyake havikuweza tena kushika kalamu.

"Weka mkia, Issát," aliniambia.

Nikaazima kalamu ya nesi, nikauweka.

Sasa ni jiwe, na kwenye jiwe kalamu haifui dafu. Hapo ndipo atakapokaa, na hana mkono wa kusahihisha. Tena ilikuwa Septemba. Wiki mbili zaidi ardhi ya kwetu inafunga kwa barafu, na ikifunga hakuna jiwe linalosimikwa mpaka Juni.

"Rudisha," nilimwambia dereva.

"Mzee, mimi ni wa kubeba tu."

"Basi beba tena. Nani amekukataza?"

Kabla hatujaondoka niliingia ofisi ya kanisa bila kubisha hodi. Karani, mama mmoja mnene mwenye sweta la kijani, alikuwa anamimina kahawa.

"Aa, Issát, karibu, kaa—"

"Sikuja kukaa. Mmemwandika mke wangu matusi."

Alisikiliza, akaenda dirishani, akalitazama jiwe kwa mbali, akarudi amebadilika rangi. Akageuza kompyuta yake nione. Pale kwenye kioo palikuwa na Iŋgá Buljo, n ina mkia, a ina alama yake juu, kila kitu mahali pake.

"Tulituma hivi hivi unavyoona," alisema. "Mwaka jana tuliletewa mashine mpya. Mpya inaandika herufi zote."

"Umebadilisha sasa hivi uliponiona nakuja."

"Baba wewe, nina vidole kumi tu na vyote vilikuwa kwenye birika."

"Kwa hiyo jina limetoka hapa zima, likaenda kulewa njiani?"

"Lilikolewea sijui. Waulize wachonga mawe."

Sikumwamini. Miaka sabini na moja sijaona ofisi iliyokubali kosa, kwa nini ianze leo? Ravdna alinifungulia mlango wa lori.

"Nenda nalo," alisema. "Lakini usimpige mtu, shemeji. Sina muda wa kukupelekea nyama kavu jela."

Ni mwendo wa saa mbili na nusu kutoka nyandani kwetu mpaka pwani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilianza na mwalimu wa bweni, nikapanda kwa mchungaji aliyetuoza, nikafika kwa mawaziri. Nilikuwa nimepanga vizuri sana. Dereva aliongeza sauti ya redio.

Karakana ya mawe iko nyuma ya bandari. Ndani kila kitu ni cheupe kwa vumbi, mpaka kalenda. Alitoka mwanamke wa miaka sitini hivi, nywele fupi, aproni ya mpira, akajitaja Gunnvor.

"Mkubwa wa hapa nani?" nikamuuliza.

"Mkubwa, mdogo na mfagizi, wote ni mimi. Kuna nini?"

Dereva akafunua blanketi. Gunnvor alilitazama jiwe kama mtu anayetazama kazi yake, kwanza kingo, halafu kina cha maandishi.

"Limevunjika mahali?"

"Soma."

Alisoma. Midomo yake ilijaribu kulitamka lile jina, ikashindwa njiani.

"Sio sahihi?"

"Wewe unaliona sahihi?"

Alijifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nikuambie kweli. Niliona kwenye kioo cha kompyuta siku ile, nikasema, mh! Halafu nikasema, labda ndivyo mnavyoandika nyie."

"Nyie?"

"Nyie wa juu huko. Ndiyo. Nisamehe."

Yale maneno yangu ya saa mbili na nusu yote yalitoka kwa mkupuo. "Sisi tunakaa mwendo wa saa mbili na nusu tu kutoka mlangoni kwako! Samaki wako tunakula, nyama yetu unakula! Ukadhani tunaandika jina la mtu kwa mdomo wa ndege na alama ya mshangao iliyosimama kichwa chini?"

"Wahispania wanaiweka kichwa chini."

"Mimi ni Mhispania?"

"Hapana," alisema Gunnvor. "Mhispania angekuwa ameshachoka kupiga kelele. Lakini mzee, mimi sikati jiwe kwa kubahatisha. Ninatuma karatasi ya kuhakiki kwa mfiwa, nasubiri irudi na saini."

Akafungua kabati, akatoa faili, akaniwekea karatasi mbele. Jina lilikuwa pale katikati, kubwa kama kiganja: IÅ‹gÃ¡ Buljo. Chini yake palikuwa na saini. Na saini hiyo hakuna mtu mwingine duniani anayeiandika, maana mimi sisaini kwa jina. Nasaini kama alivyosaini baba yangu na babu yangu: masikio mawili ya kulungu, na ndani yake mikato ya alama yetu.

Nikaikumbuka. Ilikuja Agosti. Nilikuwa mezani jikoni peke yangu. Miwani ilikuwa dirishani, hatua tatu, na sikuinuka kuichukua. Karatasi za ofisi alikuwa akizisoma Iŋgá. Mimi nilikuwa nawekewa kidole mahali pa kusaini. Kidole hakikuwepo tena, nikasaini hivyo hivyo. Na nilisaini mbele ya droo ile yenye kalamu nyekundu.

Nilikaa juu ya kipande cha jiwe.

"Nimesaini mimi," nilisema.

Gunnvor alileta kahawa kwenye chupa, akamimina vikombe viwili, akapuliza vumbi kwenye ukingo wa changu kabla ya kunipa. Tukanywa. Baada ya muda akagonga ile saini kwa ukucha.

"Hii michoro nini? Nilidhani ni majani."

Nadhani aliuliza ili tu niwe na la kusema. Nikamwambia. Kila mwenye kulungu ana alama yake, na alama hukatwa kwenye masikio ndama angali mdogo. Mikato yenyewe si mingi, inafika ishirini na kitu, na kila mmoja una jina: huu pengo la nyuma, huu ncha iliyokatwa, huu uma. Mwenye mali hajulikani kwa sikio moja. Sikio la kushoto na la kulia husomwa pamoja, ndipo unapata mtu mmoja.

"Na ukisoma moja?"

"Unapata mke," nikasema.

Akacheka, nikamsimulia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, tuko kwenye zizi kubwa la vuli tunatenganisha makundi, vumbi, kelele, kila mtu na kamba yake. Nikamkamata jike mmoja mnene, nikatupa jicho sikio la kushoto: ncha iliyokatwa na mapengo mawili nyuma. Letu! Nikaanza kumvuta kwenye ua wetu. Msichana akaruka juu ya uzio, akashika kamba yangu mbele ya watu wote. "Wewe! La kulia umelisoma? Masikio ni mawili, au mama yako alikuzaa na moja?" Sikio la kulia lilikuwa la baba yake, mzee Heaika. Watu walinicheka mpaka mwaka uliofuata. Na mwaka uliofuata nikamwoa.

Gunnvor hakucheka tena. Alikuwa ameweka kikombe chini.

"Hebu njoo huku," alisema.

Akanipeleka kwenye kompyuta yake, iliyofunikwa nailoni kujikinga na vumbi, ya zamani, ya rangi ya jino. Akaniambia nitazame vizuri maana hata yeye alichukua muda kuelewa. Ndani ya kompyuta, alisema, hamna herufi hata moja. Kuna namba tu. A kubwa ni sitini na tano. B ni sitini na sita. Kompyuta inayotuma inatuma namba, na inayopokea inafungua jedwali lake na kutazama namba hii ni herufi gani.

"Mashine yangu hii ina jedwali la zamani. Lina viti mia mbili hamsini na sita, kuanzia sifuri, basi. Herufi za kwetu Wanorwe zilipata viti. Ya mkeo haikupata."

"Haikupata kwa nini?"

"Viti viliisha."

"Viliisha, au waligawana wakubwa?"

"Ngoja nimalize. Baadaye likatengenezwa jedwali jipya, kubwa, la kila herufi duniani. Humo mkeo ana namba yake: mia tatu thelathini na moja. Sasa namba hiyo ni kubwa, haiingii kwenye kisanduku kimoja, kwa sababu kisanduku kimoja mwisho wake ni mia mbili hamsini na tano. Kwa hiyo inaandikwa kwa visanduku viwili. Cha kwanza mia moja tisini na saba, cha pili mia moja thelathini na tisa. Viwili hivyo vikisomwa pamoja—"

"Ni mtu mmoja."

"Ni herufi moja. Ofisi yenu ilituma viwili, sawasawa kabisa. Huyu mzee wangu hapa, hii mashine, hajui habari za viwili. Amechukua cha kwanza akakisoma peke yake: Å. Akachukua cha pili: huu mdomo wa ndege. Na ile a yenye alama juu imekatwa vipande viwili vivyo hivyo."

Nilitazama kile kioo, nikatazama jiwe. Nililiona jambo lote kama linavyoonekana kundi unapofika juu ya kilima.

"Mashine yako imesoma sikio moja moja," nilisema.

Gunnvor alinigeukia. "Miaka thelathini niko kwenye kazi hii," alisema, "na fundi wa kompyuta alikuja hapa mara tatu. Hakuna aliyenieleza hivyo."

Sasa karani wa watu hakuwa na kosa, na hilo liliniuma, maana nilikuwa nimezoea kulaumu ofisi. Lakini sikukubali yaishe kirahisi.

"Hilo jedwali la kwanza. Nionyeshe."

Akalifungua. Viti vyote hivyo, mistari kwa mistari. Nilivaa miwani ya Iŋgá nikapita kiti kimoja kimoja, mara yangu ya kwanza kusoma kitu cha ofisi mpaka mwisho.

"Hii nini?"

"Robo."

"Na hii?"

"Nusu. Na ile robo tatu."

"Robo imepata kiti, nusu imepata kiti. Mke wangu mzima amekosa." Nikavua miwani. "Andika hilo mahali, mama. Waliokaa mezani siku ile ya kugawa viti walikuwa watu wenye vyeo, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa kuuliza kama kuna mtu kaskazini."

"Hawakugeuza," alisema Gunnvor. Kisha akaongeza, "Na mimi sikugeuza. Nilikuwa na simu hapa, ningekupigia."

Nilitaka kumwambia ndiyo, ungepiga. Lakini karatasi yenye masikio yangu ilikuwa bado mezani.

"Tufanyeje?" nikauliza.

"Jiwe tunaweza kulisaga uso mpaka maandishi yaishe, halafu tukate upya. Litapungua unene wa kidole. Utaliona jembamba."

Hilo nalijua. Kulungu akiuzwa, alama ya zamani haifutiki; unakata mkato wa kina zaidi juu yake. Sikio linabaki dogo, lakini anakuwa wako.

"Saga," nilisema.

Mashine ya kusagia ilinguruma, maji yakamwagika meupe kama maziwa. Nilisimama pale nikitazama Å inaondoka, mdomo wa ndege unaondoka, mpaka uso ukabaki mtupu. Gunnvor akarudi kwenye kompyuta, akaandika I, akaacha nafasi, akaandika g na á. Hizo alisema viti vyao vipo, akiziandika mwenyewe kwa mkono hakuna wa kuzikata vipande.

"Hiyo iliyobaki hii mashine haina namba ya kuiitia. Lakini picha inakata. Mtu akitaka ua, ninachora ua, yenyewe haiulizi ua linasomwaje." Akanipa karatasi nyeupe na kalamu nene nyeusi. "Ichore."

"Chora wewe, mimi mkono wangu—"

"Mimi siijui, mzee. Si ndiyo tumetoka huko?"

Iŋgá alinifundisha ile herufi mezani jikoni, mwaka aliorudi na ile elimu yake. Alikuwa anaushika mkono wangu kwa juu. Anza kama n, alisema, halafu usisimame, shuka, shuka, sasa geuka kidogo kama kamba inayorudi. Sasa, peke yangu, niliharibu karatasi mbili. Ya tatu mkia ulitetemeka mwishoni, Gunnvor akasema nijaribu tena kama nataka. Nikakataa. Akaipiga picha, akaiingiza kwenye ile nafasi.

Karatasi mpya ya kuhakiki ikatoka. Nilishika kalamu nisaini.

"Ah-ah," alisema, akaivuta. "Soma kwanza. Kwa sauti, nisikie."

"Unanifanya mtoto wa shule?"

"Ndiyo. Na mimi nasoma na wewe. Wote wawili tulikosea, wote wawili tutasoma."

Tukasoma. Herufi moja moja, kidole changu na chake chenye vumbi, jina, ukoo, tarehe zote mbili. Aliniuliza linatamkwaje. Nikamtamkia. Akajaribu, mara ya kwanza likatoka la Kinorwe, mara ya tatu likatoka lake. Ndipo nikachora masikio yangu mawili, la kushoto na la kulia.

Ijumaa lori lilirudi. Mhudumu wa makaburi alisimika jiwe kabla ya chakula cha mchana, udongo ukiwa umeanza kuwa mgumu juu na bado laini chini. Ravdna alileta kahawa na jibini, akapiga magoti, akapitisha kidole ndani ya kila herufi kama kipofu. Akafika kwenye mkia, kidole kikasita.

"Shemeji, huu umepinda."

"Najua."

"Mashine imekosea tena? Tuwapigie?"

"Mashine haijakosea. Huo ni mkono wangu."

Alinitazama. Akarudisha kidole, akaufuata ule mkia mpaka mwisho, akarudi juu, akaufuata tena.

"Basi tuuache," alisema.

Jumatatu iliyofuata barua ilikuja kutoka ofisi moja ya kusini, ya mambo ya marehemu. Kwenye bahasha, I?gá Buljo. Niliwatukana kidogo, peke yangu, kwa mazoea. Kisha nikafungua droo, nikachukua kalamu nyekundu, nikaifuta ile alama, nikaweka herufi na mkia wake. Nikainuka, hatua tatu, nikachukua miwani dirishani, nikaifungua barua na kuisoma yote, mbele na nyuma.